Kichwa Ambacho Sikuonyeshwa

Katika miaka ile ya sitini nilikuwa nauza vitambaa vya kichwa pale Migori, kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja. Baadaye nikaongeza mawigi. Mume wangu alikuwa na cherehani upande mmoja wa baraza, mimi na meza yangu upande wa pili. Niseme mapema, tena bila haya: vichwa vya wanawake watu wazima wa Migori nilivijua kuliko waume zao walivyovijua. Kichwa kimoja tu sikuwahi kukiona, nacho kilikuwa cha mama yangu mzazi. Aliyekuwa akikiona kila asubuhi ni mke mwenzake. Jambo hilo liliniuma, na anayetaka niseme liliniuma kidogo atangoja sana.

Watu hudhani biashara ya mawigi ilikuwa ya wasichana. Wasichana walikuja kushikashika tu, wakacheka, wakaenda zao. Wanunuzi wangu walikuwa kina mama ambao nywele zilikuwa zimewaaga. Kuna walioziacha kwenye kitanda cha homa, kuna waliozeeka tu, na wengi walinyang'anywa na ngata. Sehemu zetu zile mwanamke alibeba kila kitu kichwani: maji, kuni, mtama, samaki. Unaviringisha ngata yako ya nyasi au ya kitambaa kikuukuu, unaiweka utosini, kisha mzigo juu yake. Beba hivyo tangu usichana mpaka upate wajukuu, na utosi utabaki mtupu kama uwanja uliofagiliwa.

Upara kwa mwanamke si jambo la urembo tu. Kwetu Waluo mjane hunyolewa kichwa anapofiwa na mume. Kwa hiyo mwanamke ambaye mumewe yu hai hapendi kabisa kuonekana kichwa kitupu. Watu watasema anamlilia mtu ambaye bado anakula ugali wake. Ndiyo maana wateja wangu walikuja kama wezi. Walisimama kwenye vitambaa, wakauliza habari za leso, wakageuka kutazama barabara, ndipo macho yakapanda kwenye mawigi, ambayo niliyavalisha vibuyu vilivyofudikizwa juu ya rafu.

Namkumbuka mama mmoja Mkuria aliyetoka upande wa mpakani. Yeye na mimi hatukuwa na lugha nyingine ila Kiswahili cha sokoni.

"Hii kitu ni nywele ya mtu ama ya mnyama?" akaniuliza.

"Ni ya kiwanda, mama."

"Huyo mtu wa kiwanda alikufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni nyuzi tu, kama ya kushona."

Akafikiri. "Basi nipatie moja ya msichana yangu. Ako Nairobi."

"Kichwa yake iko kubwa kama yako?"

"Iko sawasawa na yangu."

"Basi ingia huku nyuma nipime kwa yako."

Wote walikuwa na binti Nairobi. Kama mabinti wale wangekuwa wa kweli, mji ule usingekuwa na pa kukanyaga. Niliwaingiza nyuma ya pazia la marekani, nikashusha pazia, na hapo binti wa Nairobi akafa kifo cha ghafla. Walivua vilemba vyao taratibu, wakinitazama usoni waone kama nitashtuka. Sikushtuka. Niliwapangusa jasho kwa kitambaa cha pamba, nikaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu yake. Mtu mzima humpi wigi jeusi tititi, maana uso wenye makunyanzi chini ya nywele za msichana unaonekana kama uongo. Unampa fupi, lenye wekundu wa udongo kidogo. Kichwa kisicho na nywele hakina pa kuchomekea pini, basi nilishona ndani bitana ya pamba ili lisiteleze wala lisiwashe. Wasiotaka wigi niliwachagulia kitambaa. Nailoni nilikataa kuwauzia hata wakinibembeleza, kwa sababu nailoni juu ya utosi mtupu huteleza kama sabuni. Wewe unamwamkia pasta na kitambaa kiko mabegani. Nilikunja kipande cha nguo nikakiweka chini ya kitambaa, kichwa kikapata kimo, na mwanamke akatoka pale shingo imenyooka.

Walionimaliza ni wale waliokuja na binti zao wa kweli. Mmoja alitoka Sori na mamake. Nilipovua kilemba cha yule mama, binti aliweka kiganja chake juu ya utosi ule, akakiacha pale, akaendelea kunisimulia habari za mvua kama kwamba ameegemea ukuta wa nyumba yao. Mama naye alifumba macho. Niliwachagulia kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikawafungia vizuri kuliko nilivyowahi kumfungia mtu, na walipoondoka nikawachukia siku nzima. Mume wangu aliniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia ashone.

Kwetu ni upande wa Kisegi, karibu na ziwa. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwanunua kwa wavuvi kule Sindo, akapanda nao bara kwa miguu mpaka masoko ya ndani, kapu kichwani. Ndivyo alivyotulisha na kumsomesha mdogo wangu wa kiume mpaka akawa mwalimu. Baba alikuwa na wake wawili. Mama alikuwa mikayi, yaani mke mkubwa, na nyumba yake ilitazamana na lango la boma. Nyumba ya mama mdogo, mke wa pili, ilikuwa pembeni. Mama mdogo aliolewa mimi nikiwa msichana wa kuchota maji, na kwa kuwa alikuwa na nguvu, mama akamfunza njia ya Sindo. Wakawa wanabeba pamoja, mmoja akimtwika mwenzake. Wakaitana nyieka, mke mwenzangu.

Sasa, kila mtu kwetu anajua nyumba ya wake wawili ilivyo. Wanagombania shamba, wanagombania mume, na wanaweza kununiana kwa ajili ya kuku aliyetaga upande usio wake. Mimi nilikua nikingoja ugomvi huo ili nichukue upande wa mama. Niliungoja mpaka nikaolewa. Wivu uliokuwa haki yao waliutupa, nikauokota mimi.

Niligundua habari ya kichwa siku niliyokwenda nyumbani na lori la kuchukua samaki, likanishusha mapema kuliko nilivyotarajiwa. Nilipita langoni, nikasikia kicheko nyuma ya nyumba ya mama. Kilikuwa kicheko cha wanawake wawili, kile cha tumboni, kisichomngoja mgeni. Nikazunguka nami nikicheka tayari, bila kujua ninacheka nini. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwangu. Mama mdogo aliponiona aliruka, akafungua leso yake ya begani akaitanda mbele yangu kama pazia.

"Rudi kwanza," akaniambia.

Mimi! Mimi niliyetoka tumboni mwa yule mwanamke aliyefichwa nyuma ya leso! Nikarudi mpaka uwanjani, nikasimama na mzigo wangu mkononi kama mchuuzi. Walipotokea, mama alikuwa amefungwa kitambaa, uso umetulia, akaniamkia kwa furaha na kuuliza habari za wajukuu. Mama mdogo akachukua mzigo wangu. Nywele zake mwenyewe, pamoja na makapu yote aliyobeba, zilikuwa nyingi, nyeusi, zimejaa kichwani kama mtama uliopata mvua. Nilizitazama nywele zile nikaona kijicho mara mbili, kwa niaba ya mama na kwa niaba yangu.

Jioni nilipobaki na mama jikoni nikamwambia, "Mama, kazi yangu unaijua. Niache nikuangalie kichwa."

"Kichwa changu kina nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kukiona."

"Kina mawazo ya chakula cha baba yako," akasema, akageuza ugali.

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nawafunika wanawake wa watu kutoka Sori mpaka mpakani, na wangu alikuwa akifunikwa na mwingine. Kila niliporudi nyumbani nilimletea vitambaa vya pamba. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akavipeleka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nauona mlango wa mama mdogo ukifunguka, halafu naye anazunguka nyuma. Nilikaa uwanjani nikihesabu kuku.

Kisha mdogo wangu, yule mwalimu, akataka kuoa. Msichana alikuwa wa Homa Bay mjini, wa familia ya Sabato kama mama, na harusi ikapangwa kufanyika kanisani hukohuko siku ya Jumapili. Wakwe walikuwa watu waliostaarabika, wenye viatu hata siku za kazi, na walikuwa wamemwita mpiga picha. Mama ndiye angeketi mbele kabisa, karibu na baba, akitazamwa na ukoo mzima wa bibi harusi.

Mdogo wangu akanijia Migori na uso mrefu. "Mama amesema hatakaa mbele," akaniambia. "Anasema atabaki jikoni na wapishi."

"Kwa nini?"

"Amesema upepo wa ziwa ni mkali."

Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa palepale. Aliogopa kitambaa kitatoka mbele ya wakwe, mumewe akiwa ameketi hai kando yake, na utosi uliobeba samaki wa karo ya mwalimu ungekuwa hadithi ya Homa Bay yote. Nikamwambia mdogo wangu aende zake, mama atakaa mbele. Moyoni niliimba. Nilijua sasa amepata shida ambayo mama mdogo hawezi kuitatua kwa leso.

Nilichagua wigi lile kama mtu anayechagua mchumba. Lilikuwa fupi, la rangi ya kahawia iliyokolea. Nikalifumua wigi jingine lililoharibika, nikatoa nyuzi za kijivu, nikazishona mojamoja kwenye paji na masikioni, ili lisionekane jipya. Nikatia bitana ya pamba. Tatizo likawa kipimo, kwa maana sikukijua kichwa cha mama. Nikajipima mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni watu walisema nimechukua kichwa chake. Mume wangu aliniona jioni nimeketi na wigi la bibi kizee kichwani nikijitazama kwenye kioo, akasema ametishika, amemwona mamangu chumbani kwake na kwa desturi anapaswa kukimbia. Hata mimi nilicheka. Mkwe na mama mkwe kwetu hawakaribiani hivyo.

Nilijua pia desturi nyingine: katika boma lenye wake wawili hupeleki zawadi moja. Ukileta leso unaleta mbili, ukileta sukari unaigawa. Mama mdogo alikuwa amenilea vilevile, hilo silikatai. Lakini wigi nilileta moja tu. Nilitaka kiwepo kitu kimoja duniani kilichotoka mkononi mwangu kikaenda kichwani mwa mama bila kupitia kwake.

Asubuhi ya harusi tulikuwa katika nyumba ya jamaa pale Homa Bay, wanawake wamejaa, pasi ya makaa inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Nikamvuta mama kwenye chumba cha nyuma, nikafungua kifurushi. Alilishika wigi kwa ncha za vidole. Akaligeuza, akaona bitana, akaona nyuzi za kijivu. Akazipapasa zile nyuzi kwa muda.

"Umezishona wewe?"

"Mimi, mama."

"Ni kazi nzuri." Halafu akaniangalia. "Lakini umeleta kitu kimoja kwenye boma la nyumba mbili."

"Yeye ana nywele, mama."

Mama akaenda mlangoni, akaita, "Nyieka!" Mama mdogo akaja na mikono yenye unga. Mama akaniambia kwa upole kabisa, "Nenda nje kidogo, mwanangu." Na mlango ukafungwa, mimi nikiwa upande ambao nilikuwa nimeuzoea.

Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikawasikia wakinong'ona, kisha kile kicheko. Nikajipa moyo: analivaa. Lazima kwanza wacheke. Atatoka nalo, atakaa mbele, na kila atakayemtazama atakuwa anatazama kazi yangu.

Mlango ulipofunguliwa alitoka mama, amevaa gauni lake la buluu na kitambaa cha pamba kichwani. Nyuma yake akatoka mama mdogo, na wigi langu kichwani mwake.

Sijui niliseme vipi jambo hili nikiwa na subira. Alikuwa amelibandika juu ya nywele zake mwenyewe, zile nyingi, kwa hiyo lilikaa juujuu kama kiota cha korongo. Nyuzi zangu za kijivu zilimning'inia kwenye nyusi. Mwanamke mwenye nywele nyeusi za kwake, amevaa uzee niliomshonea mamangu! Nilitaka kulinyakua. Nilisimama, mama akanishika mkono, akaniambia twende, gari la maharusi limefika.

Kanisani hakuna aliyemtazama bibi harusi kwa dakika za mwanzo. Shangazi zake walimtazama mama mdogo, wakaficha midomo kwa vitabu vya nyimbo. Baba aligeuka, akamwangalia mkewe mdogo kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ambayo hata waliokaa viti vya nyuma waliisikia, "Huyu mgeni wetu ametoka upande gani?" Watu wakapasuka. Nje, kwenye vyakula, wakampa jina, Mama Nairobi. Mama Nairobi, kuja hapa! Mama Nairobi, huko mnakula nini? Naye akajibu kila mmoja. Akatembea kwa maringo. Akacheza, wigi likageuka nyuma mbele, akalirudisha kwa mkono mmoja kama mzee anayeweka kofia sawa, wakacheka mpaka wakashikana. Mpiga picha akaomba apige picha yake peke yake. Mimi niliomba upepo ule mkali wa ziwa, ule uliomtisha mama, uje ulichukue hilo wigi ulitupe kwa samaki. Chakula sikula. Nilimtazama tu, na kila alipocheka roho iliniuma upya.

Jioni nilimkuta mama akisuuza sahani nyuma ya nyumba, peke yake mara moja katika maisha yake. Nikamwambia bila salamu, "Nilikuletea wewe, sikumletea yeye."

"Limenifaa."

"Limekufaaje likiwa juu ya kichwa cha mtu mwingine?"

Akaweka sahani chini. "Nilikaa mbele leo?"

"Ulikaa."

"Uliona mtu yeyote aliyenitazama kichwa?"

Nikafikiri. Nikapita watu wote, shangazi, wakwe, pasta, mpiga picha. Sikuona hata mmoja.

"Hata wewe," mama akasema, "hukunitazama leo."

Ilikuwa kweli, na ilinikata. Nikauliza nani aliyepata wazo hilo. Akasema wigi lilimkaa vizuri sana, kwamba nilipatia kipimo, lakini alipojiangalia kwenye kioo aliona watu watauliza mikayi amepata wapi nywele, na zilizokuwepo zimekwenda wapi. Mama mdogo ndiye aliyelivua kutoka kichwani mwake. Alisema, lete, acha nichekwe mimi, mimi nina ngozi ngumu.

Nilikuwa nalia kwa hasira tayari. "Kwa nini yeye akuone na mimi nisikuone? Mimi ni damu yako. Yeye aliletwa na ng'ombe za baba."

"Yeye akiniona anacheka," mama akasema. "Siku ya kwanza alicheka mpaka akaketi chini. Akaniuliza samaki wameanza kula nywele lini. Nikacheka na mimi. Wewe utalia."

"Sitalia."

"Unalia sasa."

Nikajifuta kwa kiganja. Mama akaendelea kusuuza. "Yule alinikuta nikiwa mwanamke," akasema, "tumechoka pamoja. Wewe ulinikuta nikiwa mkubwa kuliko nyumba. Nikikuonyesha wewe, basi nimezeeka kweli."

Msomaji mwema atatazamia niseme hapo moyo wangu ulilainika. Nilielewa kila neno, na wivu ukazidi. Afadhali ungekuwa uchawi, au ujanja wa mama mdogo wa kutafuta shamba. Ningejua la kufanya. Lakini walipendana tu, na mtu hawezi kumshtaki mwenzake kwa hilo hata mbele ya chifu. Nilirudi Migori nikawafunga wanawake wa watu vilemba vikali mpaka wakalalamika masikio.

Baadaye macho ya mama yakaingia ukungu. Alianza kumwaga maji nje ya mtungi, kisha akashindwa kumtambua mtu langoni mpaka aseme. Wakampeleka hospitali moja ya misheni, daktari akamtoa mtoto wa jicho. Jicho lililotibiwa lilikuwa moja, lakini walimfunga bandeji yote mawili ili asiyazungushe, wakamkataza kuinua kichwa. Habari ikanifikia Migori. Nikafunga meza, nikapanda basi la kwanza.

Nilikuta chumba kirefu chenye vitanda vya chuma, na mama kwenye kitanda cha mwisho kando ya dirisha. Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka chini ya kitanda, macho mekundu, leso imekunjamana. Aliponiona alisimama kwa shida, akanikumbatia, akanong'ona, "Amelala. Kaa naye nikachote maji ya kumwosha." Akachukua beseni akatoka.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda cha pili, maana sikutaka kumwamsha. Mama aligeuza uso kwenye mto. Kitambaa kilikuwa cha nailoni, mambo ya mama mdogo hayo, na kikateleza chote, kikabaki begani.

Basi nikakiona. Utosi ulikuwa laini, na rangi yake ilikuwa imefifia kidogo kuliko uso, kama sehemu ya mti iliyoguswaguswa sana. Katikati palikuwa na bonde dogo, mviringo, la ngata. Nikajua lilikuwa la karo, la sare za shule, la leso yangu ya kwanza. Ila lililonishika macho halikuwa bonde. Pembeni, juu ya masikio na kisogoni, zilikuwa zimebaki nywele chache nyeupe, na nywele zile zilikuwa zimesukwa. Mistari midogo, myembamba, iliyonyooka. Mtu alikuwa ameketi na kichwa kile, huyo ambaye kila asubuhi alijua kwamba hakuna atakayeona kazi yake, akavigawa vile vinywele vichache na kuvisuka kama vya bibi harusi.

Sikulia. Nilikuwa nimeahidi kutolia, hata kama hakuna aliyeniamini.

Mama akaamka. Mkono wake ukapapasa mto. "Nyieka," akasema, "kitambaa kimetoka."

Nikanyanyuka. Nikakichukua kitambaa begani mwake, nikaweka kiganja changu chini ya kisogo chake bila kukiinua kama daktari alivyokataza. Kilikuwa cha moto na chepesi. Nikazungusha kitambaa taratibu, nikifuata ile mistari midogo kwa kidole gumba.

"Leo mkono wako ni wa polepole," mama akasema. "Umechoka?"

Nikaendelea kuzungusha.

"Funga haraka, nyieka. Binti yangu anaweza kuja leo. Hachoki kutaka kuniona kichwa, lakini asinikute hivi."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, ni mimi, mama, nimeshakukuta, tazama, silii. Nikainua macho, mama mdogo amesimama mlangoni na beseni la maji. Alikuwa amesikia yote. Alinitazama, akatazama mikono yangu ilipokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona uso wake hauna la kucheka. Halafu akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote, akiwa amesimama kule kule, "Nafunga, nyieka. Tulia."

Mama akatulia. Nikafunga fundo. Mama mdogo akaniashiria kwa kichwa upande wa mlango.

Nikatoka kwa vidole vya miguu mpaka barazani, nikasimama kidogo nikitazama wauguzi wakianika mashuka. Kisha nikavaa sauti ya mtu anayetoka safari, nikaingia nikikanyaga sakafu kwa nguvu.

"Mama, nimefika!"

"Karibu, mwanangu," mama akasema akitabasamu chini ya bandeji, na kabla hajaninyooshea mkono akaupeleka kwanza kichwani, kuhakikisha amefunikwa.